KABLA HUJAANDIKA "TEJA HUYO", SOMA HII

Ile klipu ya yule staa jukwaani, macho mazito, anaongea kwa kuvuta, najua mmeiona. Komenti zikajaa "teja huyo", "unga umemmaliza". Mimi sijui anaumwa nini na sio kazi yangu kujua. Ila hali kama ile naijua, nimeishi nayo nyumba moja.

Bro wangu ana skizofrenia. Anatumia klozapini, dawa wanayopewa watu ambao dawa nyingine zimegoma. Mwaka jana alikuwa fresh kabisa, ghafla akaanza kusinzia kutwa, ulimi mzito, mto unalowa mate. Mtaa ukasema kaanza unga. Bi mkubwa akasema anameza dozi mara mbili, akamfungia vidonge kabatini. Mimi nikampekua mifuko. Aliapa, hakuna aliyemsikiliza.

Daktari yeye hakubishana na mtu, alitaka damu tu. Ichukuliwe asubuhi kabla hajameza kitu, yapite kama masaa 12 tangu dozi ya usiku. Hiki sio kile kipimo cha mkojo cha kusaka madawa ya kulevya. Kinaangalia dawa yake mwenyewe iko kiasi gani kwenye damu. Na sio kile cha mara kwa mara cha chembe nyeupe, maana klozapini inaweza kuzishusha vibaya.

Majibu yakatoka: kiwango kiko juu sana. Bi mkubwa akaruka, "Si nilisema!" Daktari akamgeukia bro na swali moja tu: "Umeacha sigara?"

Kumbe wiki ya tatu hajagusa fegi! Alikaa kimya ili aje kutushtua na habari njema.

Iko hivi: moshi wa sigara unalifanya ini livunje klozapini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linapunguza kasi, na vidonge vile vile vinarundikana mwilini. Ukianza kuvuta tena, dawa inashuka, ugonjwa unaweza kurudi. Daktari akapunguza dozi, bro akarudi kuwa bro.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kipimo hiki sio polisi. Namba ikiwa juu haimaanishi mtu kabwia vidonge, ikiwa chini haimaanishi anavitema. Namba inaanzisha maswali, na wa kwanza kuulizwa ni mgonjwa mwenyewe. Sisi tulimhukumu kabla ya damu, halafu tukataka kumhukumu kwa damu hiyo hiyo.

Na wewe mwenye ndugu anayetumia klozapini: akiacha au akianza sigara, daktari aambiwe mapema. Msipunguze dozi wenyewe, wala msiikate ghafla.

Mimi nilimwomba bro msamaha. Yule staa, kuna watu elfu kadhaa wanadaiwa kumwomba. Tiririka hapo chini, ila matusi nafuta.