Chukua Makinda, Mwache Mama



Mwezi huu twataka kuzungumza habari ya amri moja ndogo ya Torati, ambayo wengi huisoma upesi wakapita. Imo katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22. Musa awafundisha Waisraeli ya kuwa mtu akikuta kiota njiani, naye ndege amelalia makinda au mayai, asimtwae mama pamoja na wanawe. Makinda ayachukue, lakini mama amwache aende zake. Tena amri hiyo ina ahadi: mwenye kuishika atapata heri, na siku zake zitakuwa nyingi.

Angalieni, Mungu hakumkataza mwenye njaa kula. Alimkataza asile mlo wa leo na wa kesho kwa mara moja.

Sisi watu wa Mbegani, kiota chetu ni mikoko. Nayo si mti wa namna moja, ni jamaa nzima ya miti. Mbele kabisa, penye mawimbi, husimama mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyoinuka juu kama miguu ya kaa. Kisha msinzi na mkandaa. Na karibu na nchi kavu, mchu. Huko twapata boriti na fito za nyumba, mataruma ya vyombo, mbao za mkomafi, na asali ya maua ya mchu.

Lakini kazi yake iliyo kubwa haionekani kwa macho. Kamba hutaga mayai baharini. Watoto wao, wadogo kama chembe, huletwa na maji yakijaa hata katika vijito vya mikoko. Humo hujificha kati ya mizizi na kupata chakula chao, na wakiisha kukua hurudi baharini. Kaa nao hukaa humo, na samaki wengi hulea watoto wao humo. Hapa Mbegani pana chuo cha kuwafundisha vijana uvuvi. Lakini shule ya samaki wenyewe ni mikoko. Basi mtu aifyekapo mikoko ya Mlingotini amepunguza mavuno ya wavu wa jirani yake, ingawa wavu hakuugusa. Baada ya msimu wa mwaka 2007 Serikali ilizisimamisha meli kubwa za kuvua kamba, kwa sababu kamba walikuwa wamepungua mno. Lakini kuzuia meli kwafaa nini, ikiwa nyumba ya malezi yabomolewa?

Jambo hili si geni. Boriti za pwani yetu zilichukuliwa na majahazi miaka mingi mpaka Arabuni na Ghuba, nchi zenye uhaba wa miti. Wadachi waliweka sheria juu ya mikoko mwaka 1898. Mwaka 1991 mtaalamu wetu Adelaida Semesi, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa mpango wa kuitunza mikoko yote ya Tanzania Bara, yapata hekta 115,000, ambayo karibu nusu yake ni ya Rufiji. Hata leo ni msitu wa hifadhi, na mtu hana ruhusa kukata pasipo kibali. Walakini yakatwa: kwa mkaa, kwa matanuri ya chokaa, kwa mashamba ya chumvi, hata kwa vigingi vya mwani. Sheria hukaa mjini, shoka hukaa nyumbani.

Wako wasemao, “Nisipokata mimi, atakata mwingine.” Ndugu yangu, hukumu ya mwingine ni ya mwingine; wewe utaulizwa habari ya shoka lako. Wengine husema, “Mungu ataotesha mingine.” Ni kweli, ila Mungu huotesha kwa njia aliyoiweka. Mchu ukikatwa huchipua tena kisikini. Mkoko ukikatwa shina umekufa, hauchipui. Mrithi wake ni mbegu tu, nayo huota ingali imening’inia juu ya mti, mithili ya kijiti kirefu cha kijani, hata ikomae na kuanguka matopeni. Ukiuangusha mkoko mkubwa, umemwua mama na watoto aliowabeba.

Basi tufanyeje?

Kwanza, jikoni. Akina mama, vifuu na makumbi ya nazi huwaka vema. Tusipeleke mikoko motoni. Na wakulima wa mwani watafute vigingi vya miti ya shambani.

Pili, mwenye haja ya boriti aombe kibali kwa watu wa misitu, naye aiache miti mikubwa izaayo.

Tatu, tupande. Okoteni mbegu zilizokomaa, mzichomeke ncha ikiwa chini, kiasi cha theluthi moja ndani ya matope, hatua moja baina ya mbegu na mbegu. Msipande penye mchanga mtupu wala penye majani ya bahari, mahali ambapo mikoko haikuwapo kamwe. Kazi hiyo huishia mikononi mwa mawimbi. Tuifanye pamoja na jirani zetu Waislamu, kwa maana maji yakijaa hayaulizi dini ya mtu.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake *Laudato Si’* wa mwaka 2015, alitaja kupotea kwa mikoko kuwa jambo la kutia wasiwasi. Mtu wa Roma ameihurumia mikoko. Je, sisi tunaokula kwayo?

Jioni moja mwezi huu, baada ya sala, wazazi wawaulize watoto: Katika nyumba yetu, ni kipi kilicho kinda, na ni kipi kilicho mama? Kisha wasikilize majibu yao.

Mungu awabariki nyote.

Mwalimu wa Dini, Mbegani