Ukili wa Marehemu Ushonwe

Katika nyumba kadhaa za Msambweni na vijiji vilivyo nyuma ya Diani nimeona ukili uliokunjwa duara, umetundikwa ukutani. Aliyeusuka amefariki, mkeka aliokusudia hakuuwahi. Jamaa huuhifadhi kama amana, na atakayethubutu kuugusa hulaumiwa.

Siafikiani na hifadhi hiyo. Ukindu si dhahabu: ukikaa miaka hukauka, ukakatika penye mikunjo, na panya nao hawajui heshima ya urithi. Ni kweli kwamba mkeka mzima hutaka pima nyingi za ukili. Lakini pima chache zatosha kawa la kufunikia chakula, au kikapu.

Wapo wasemao mkono wa pili utaiharibu kazi ya wa kwanza. Mikono haifanani, nakubali. Bibi yangu alisuka kwa kukaza. Binamu yangu aliyemmalizia kikapu chake alilegeza, na pale walipopokezana panaonekana wazi. Mimi hupatazama hapo kuliko kwingine.

Walimu wa Kwale wanayo nafasi. Mtaala wa umilisi, uliochukua mahali pa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, wamtaka mwanafunzi atende kwa mikono. Badala ya kumkatisha karatasi za rangi, mwalimu amwulize kama kwao kuna ukili uliosazwa. Akiruhusiwa na wazee wake, aunyunyizie maji ulainike, na afundishwe kuushona kwa shazia na shangazi aijuaye kazi. Alama asipewe kwa unyofu wa mshono pekee. Aeleze pia ukili ule aliusuka nani, na ulikusudiwa kuwa nini.