Kiporo si Makombo

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Sufuria za leo zawakanusha. Mwaka 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilikadiria kuwa Mkenya hutupa nyumbani, kwa wastani, kilo 99 za chakula kwa mwaka, maganda yakiwamo. Amwagaye wali wa jana hudai ametupa makombo. La hasha! Kiswahili hutofautisha: makombo ni masazo ya aliyekwisha kula, kiporo ni chakula kilicholazwa kiliwe kesho yake. Ugali uliolala, ukapashwa moto, huandamana na chai na kuokoa bei ya mkate. Yafaa mpishi apime unga kwa kibaba, si kwa macho, na kukihifadhi kinachosalia kabla hakijachacha. Akidharauye kiporo hutupa jasho la mkulima pamoja na fedha zake mwenyewe.