Mwamuzi Ana Sheria. Mwenye Klabu Je?

Kila mchezo mkubwa wa raga umalizikapo kwa tofauti ndogo, huzuka kelele zile zile: "Mwamuzi ametuibia!" Sisi twasema kwamba kelele hizo humwangukia asiyestahili. Mwamuzi hukosa, naam. Lakini hukosa mbele ya macho ya watu wote, naye ana sheria juu yake. Yuko mwingine akosaye ndani, mlango umefungwa, na kosa lake laweza kuiua klabu nzima. Huyo ni mwenye klabu, na leo twataka kusema habari zake.

Kwanza tumtazame mwamuzi. Katika raga nahodha peke yake ndiye apaswaye kusema naye, tena kwa adabu. Timu iliyoadhibiwa ikibisha, mwamuzi aweza kuisogeza adhabu mita 10 mbele. Mchezaji afanyaye kosa baya hukaa nje dakika 10, na afanyaye la hatari zaidi hutolewa. Tarehe 28 Oktoba 2023, karibu na Paris, Sam Cane, nahodha wa New Zealand, alitolewa katika fainali ya Kombe la Dunia kwa kumgonga mwenziwe kichwani, na timu yake ikashindwa na Afrika Kusini 12 kwa 11. Ukubwa wa siku ile haukumwokoa, wala cheo chake. Hivyo ndivyo sheria ipasavyo kuwa.

Mtu atatuuliza, "Je, mwamuzi akikosea?" Tarehe 18 Oktoba 2015, katika uwanja wa Twickenham, Scotland ilikuwa mbele ya Australia 34 kwa 32, na mchezo ulikuwa karibu kwisha. Mwamuzi Craig Joubert akaiadhibu Scotland kwa kuotea. Bernard Foley akaupiga mpira katikati ya milingoti, na Australia ikashinda 35 kwa 34. Kesho yake wakuu wa mchezo duniani walitangaza wazi kwamba haikustahili kuwa adhabu, bali skramu, yaani timu mbili kusukumana na kuugombea mpira. Wascotland waliumia sana, wala hatuwalaumu. Walakini angalieni: kosa lilionekana, likapimwa kwa sheria, likakiriwa kwa muda wa siku moja. Na mwaka uliofuata Scotland ilikuwako uwanjani kama kawaida.

Sasa tumtazame mwenye klabu. Hata mwezi wa Agosti 1995 raga ya wachezaji 15 ilikuwa mchezo wa watu wasiolipwa. Wakuu walipoiondoa amri ile, mishahara ikaingia, na pamoja na mishahara wakaingia wenye mali. Matunda yake tuliyaona Uingereza. Klabu ya Wasps ilianzishwa mwaka 1867, ikatwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2004 na tena 2007. Mwaka 2014 wenye klabu waliihamishia Coventry, wakanunua uwanja, wakakopa kwa watu pauni milioni 35. Siku ya kulipa ilipofika mwaka 2022, fedha haikuwako. Mwezi wa Oktoba mwaka ule klabu ikaanguka, na watu 167 wakapoteza kazi. Worcester ilikuwa imekwisha kuanguka kabla yake kidogo, na London Irish, iliyoanzishwa 1898, ikaondolewa katika ligi mwezi wa Juni 2023. Klabu tatu katika muda usiotimia mwaka! Mwamuzi gani amepata kufanya madhara kama haya kwa filimbi yake?

Tena Wayne Barnes, aliyeiamua fainali ile ya Paris, aliacha kazi siku chache baadaye, akasema hadharani habari za matusi na vitisho waamuzi wanavyopelekewa. Mwenye kuhukumu kwa sheria hutukanwa. Mwenye kukopa bila kiasi hupewa kiti cha mbele, hata siku ya kufilisika.

Watatujibu: "Pasipo matajiri mishahara itatoka wapi? Na mali ni yake, afanye apendavyo." Kweli, fedha huileta yeye. Lakini klabu si mbuzi wa mnadani, kwamba aliyemnunua aweza kumchinja apendapo. Aliikuta imekwisha jengwa na watu waliotoa ada zao, waliochora mistari ya uwanja, na waliosimama mvuani kushangilia kabla yeye hajazaliwa. Alichopokea ni amana, na mwenye amana hudaiwa hesabu.

Mwezi wa Januari 2023 kamati ya Bunge la Uingereza iliwalaumu wakuu wa mchezo kwa kuziacha klabu zianguke hivyo. Lawama ile ilikuwa ya haki, ila ilikuja maiti imekwisha zikwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi sisi twataka mambo matatu. Hesabu za kila klabu zisomwe kila mwaka mbele ya wanachama wake. Mwenye klabu asilipe mishahara kwa fedha ya mkopo asioweza kuurudisha. Tena jina la klabu, rangi zake na uwanja wake visiuzwe pasipo ridhaa ya wanachama. Na jamaa zetu wa Kenya, ambao vijana wao waliishinda Fiji 30 kwa 7 mjini Singapore mwaka 2016, na wajifunze mapema: tajiri apigapo hodi klabuni, akaribishwe kwa heshima, kisha aulizwe hesabu.

Twampenda nahodha amjibuye mwamuzi, "Ndiyo, bwana," hata moyo wake ukiungua. Mwenye klabu naye na afundishwe kusema neno lilo hilo mbele ya mkaguzi wa hesabu.