Kitui na Makueni zina hadithi, mbona gesti zote zafanana?

KILA mwezi wa Desemba, maelfu ya wasafiri wanaotoka Nairobi kuelekea Mombasa hupita katika Kaunti ya Makueni, kuanzia Sultan Hamud hadi Mtito Andei, masafa yanayozidi kilomita 100. Hununua maembe kando ya barabara, hunywa chai, hujaza mafuta kwenye magari yao kisha huondoka. Wachache hulala huko, na wengi wa hao wachache hulala kwa sababu usiku umewakuta njiani.

Upande wa Kitui, hali haina tofauti kubwa. Wanaolala mjini Kitui, Mwingi au Mutomo aghalabu ni maafisa wa serikali waliokuja semina, wafanyakazi wa mashirika, au jamaa waliofika kwa mazishi na mazungumzo ya mahari. Hao hawakuchagua mahali pa kulala. Shughuli ndiyo iliyowachagulia.

Na chumba wanachopewa chafahamika. Sakafu ya vigae vinavyong'aa, pazia zito, televisheni ukutani na picha ya maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana. Ukiamka asubuhi kabla ya kufungua dirisha, huwezi kujua iwapo uko Wote, Thika au Kisii.

Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya shida za maji na njaa ambazo wakazi wa kaunti hizi wamezizoea. Hata hivyo, ni suala la kiuchumi. Mtu anayelala mahali kwa kukosa budi hulipa bei ya kitanda, akaondoka alfajiri. Anayelala kwa kupenda hukaa siku ya pili, hula, hununua asali na kiondo, na akirudi kwao huwaambia wengine.

Wenzetu wa Ulaya waliligundua hilo zamani. Mtu anayepanga safari ya siku nne katika mji wa huko hatafuti kitanda tu. Hutafuta nyumba itakayomwambia yuko wapi: nyumba ya watawa iliyogeuzwa kuwa hoteli, ghorofa ya zamani yenye ngazi za mbao, au chumba juu ya duka la mikate ambapo mwenye nyumba mwenyewe ndiye mpishi.

Serikali ya Uhispania ilifungua hoteli ya kwanza ya aina hiyo mwaka wa 1928, katika milima ya Gredos. Leo mtandao huo wa Paradores una hoteli zaidi ya 90, nyingi zikiwa ndani ya ngome, makasri na nyumba za watawa ambazo huenda zingeporomoka kwa kukosa matumizi.

Nchini Italia, tetemeko la ardhi liliharibu vijiji vya eneo la Friuli mwaka wa 1976. Katika juhudi za kuvifufua, ndipo lilipozuka wazo la albergo diffuso, yaani hoteli iliyotawanyika. Chumba kimoja kiko katika nyumba hii, kingine mtaa wa pili, na mapokezi ni mamoja kwa wote. Hakuna jengo jipya linalosimamishwa. Kijiji chenyewe ndicho hoteli.

Je, Kitui na Makueni hazina mahali pa namna hiyo? Zipo, na si haba. Lakini tukizitazama kwa makini tutagundua jambo la kutufikirisha.

Chukua hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka wa 1926 na waumini waliofika na kazi ya reli. Hadi leo msafiri wa dini na kabila lolote hukaribishwa hapo, akala chakula kisicho na nyama bila kudaiwa, na aweza kupewa chumba cha kulala. Anachotakiwa ni kuvua viatu, kufunika kichwa, na kuacha pombe na tumbaku nje ya lango. Akitaka kutoa sadaka, hutoa kwa hiari yake. Sidhani kuna malazi mengine kwenye barabara hiyo yenye sura ya pekee kuliko haya.

Songa mbele kidogo kuelekea Nairobi hadi Kiboko. Hapo ndipo John Hunter, mwindaji mzaliwa wa Scotland, alipojenga hoteli yake kando ya chemchemi. Katikati ya miaka ya 1940, mtu huyu aliua karibu vifaru 1,000 katika eneo la Makueni kwa amri ya serikali ya mkoloni, ili ardhi ipatikane kwa makazi ya watu. Anayelala Kiboko hulala juu ya historia nzito, ajue asijue.

Ndani ya msitu wa Kibwezi kuna Umani Springs, nyumba iliyo chini ya shirika la Sheldrick Wildlife Trust, karibu na kituo ambamo ndovu mayatima huzoeshwa kurudi porini. Shirika hilo hilo lina kambi za wageni Ithumba, kaskazini mwa Mbuga ya Tsavo Mashariki. Ni wakazi wachache wa vijiji jirani wawezao kumudu bei ya malazi hayo. Hata hivyo, kuwepo kwake ni ushahidi kuwa mgeni yu tayari kwenda mbali na kulipa vizuri akijua anachokifuata.

Sasa hebu tujiulize: ni nani aliyezitengeneza sehemu hizi? Makindu ni kazi ya Masingasinga wa reli. Kiboko ni kazi ya mwindaji wa Kizungu. Umani ni kazi ya shirika la kuhifadhi wanyama. Kila mmoja aliweka sura yake katika ardhi ya Ukambani, na hakuna kosa katika hilo. Kinachosikitisha ni kuwa, katika orodha ya malazi yanayotajwa sana, Mkamba mwenyewe haonekani kama mwenyeji. Huonekana kama mlinzi wa lango, mpishi na mfagizi.

Ajabu ni kwamba, historia ya ukarimu katika eneo hili ina uzito usiopatikana kwingi nchini. Mwishoni mwa mwaka wa 1849, mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri ambaye misafara yake ilifika pwani. Ni akiwa huko, tarehe 3 Desemba, alipouona mlima wenye theluji ambao wenyeji wake walimtajia kwa jina lao. Kutokana na matamshi hayo ya Kikamba, nchi hii ikaja kuitwa Kenya.

Kwa maneno mengine, jina la taifa letu lilipatikana kwa sababu mgeni alipata mahali pa kulala Kitui, na mwenyeji wa kumwonyesha cha kutazama. Nchi nyingine ingekuwa imejenga nyumba ya wageni juu ya kisa hicho miaka mingi iliyopita.

Aidha, kila boma la Kikamba lilikuwa na thome, uwanja ulio nje ya lango ambapo wazee waliketi kuota moto jioni. Mgeni alipokelewa hapo kwanza, akasikilizwa na kupewa habari kabla ya kuingizwa ndani. Hoteli kubwa za mijini hutumia fedha nyingi kutafuta kitu kama hicho bila kukipata.

Kwa nini basi gesti zetu zafanana? Sababu ya kwanza ni mteja. Mwenye hoteli mjini Wote au Kitui hujenga akilenga semina na warsha za serikali. Mteja huyo anataka ukumbi, maegesho na risiti. Hana haja na thome.

Sababu ya pili ni mkopo. Jengo la ghorofa nne ni mali inayoonekana, nayo benki huielewa. Lakini serikali ikichelewa kulipa madeni yake, mwenye jengo hubaki na vyumba vitupu na riba inayopanda. Mwenye boma aliyeongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba yake hawezi kuanguka kutoka juu kiasi hicho.

Sababu ya tatu ni aibu, nayo ndiyo ngumu zaidi kuiponya. Tumefundishwa kuwa maendeleo ni kufanana na Nairobi. Muthokoi hupikwa nyumbani, ilhali mgeni huandaliwa chipsi. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, na hapa utumwa wenyewe unalipiwa riba.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mapenzi ya umaskini. Kwamba msafiri anataka maji moto, mtandao na choo safi, si hadithi za Kivoi. Wana haki, na hoja yao haifai kupuuzwa. Nyumba chafu haiwi nzuri kwa kuwa ni ya kale, wala msonge wa saruji uliopakwa rangi ya udongo ili upigwe picha hauna asili yoyote. Chandarua, godoro zuri, choo safi na mlango unaofungika ni mambo ya lazima kabla ya mengine yote.

Suala la maji ndilo zito zaidi. Katika kata nyingi za Kitui na Makueni, akina mama hutembea mwendo mrefu kutafuta maji. Hoteli inayojaza kidimbwi cha kuogelea mahali kama hapo inajijengea uadui na majirani. Lakini hata hapa kaunti hizi zina cha kuonyesha. Mabwawa ya mchanga, yanayojengwa kwenye mito ya msimu ili mchanga ushike maji ya mvua, yameziletea sifa kaunti hizi, na wataalamu hufika kutoka nchi za mbali kuyatazama. Wakishayatazama hurudi mjini kulala kwenye chumba cha vigae. Mbona wasilale katika boma lililo kando ya bwawa hilo?

Ipo pia hatari ya upande wa pili, nayo ni kufaulu kupita kiasi. Mjini Barcelona, nyumba za kukodishwa watalii zimelaumiwa kwa kupandisha kodi na kuwafukuza wenyeji. Mnamo Juni 2024 mji huo ulitangaza kuwa leseni za nyumba hizo, zaidi ya 10,000, hazitaendelea kutumika baada ya Novemba 2028. Karibu na kwetu, Lamu iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, na nyumba nyingi za mawe zimenunuliwa na wageni. Aliyeuza nyumba hupata fedha mara moja. Mjukuu wake huja kuajiriwa humo.

Kitui na Makueni bado hazijafika huko, ndiyo maana huu ndio wakati wa kufikiri. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, ina vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Barabara ya lami imeunganisha Kibwezi, Mutomo na Kitui. Wanunuzi wa ardhi husafiri kwa barabara hizo hizo zinazowaleta wageni.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti jukumu la utalii wa mashinani. Kwa hivyo hakuna haja ya kuisubiri Nairobi kwa kila jambo. Wala hakuna haja ya kaunti kujenga hoteli, kwani hoteli za serikali twazijua mwisho wake.

Zinachoweza kufanya ni mambo madogo yenye faida. Ziweke leseni moja ya bei nafuu kwa boma lenye vyumba vichache, badala ya kumzungusha mama mjane kati ya ofisi ya biashara, ya afya na ya zimamoto. Ziwatume maafisa wa afya kukagua, kisha zichapishe orodha ya nyumba zilizofaulu. Zisaidie kununua matangi ya maji ya mvua. Na ziwashauri wenye ardhi wakodishe badala ya kuuza.

Kuhusu mpango wenyewe, Wakamba hawahitaji kuuagiza kutoka Italia. Wana mwethya, ushirika wa majirani uliojenga matuta ya Mbooni na Kilungu na mabwawa ya mchanga. Nyumba kumi za mwethya mmoja zaweza kutoa vyumba ishirini, zikawa na jiko moja na daftari moja la wageni. Mmoja alete mayai, mwingine asali, wa tatu awapeleke wageni kwenye jabali la Nzambani, ambalo wenyeji husimulia kuwa anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia.

Msafiri naye ana wajibu wake. Kabla ya kulipia chumba, na aulize maswali machache. Mwenye nyumba ni nani, naye anaishi wapi? Chakula kimenunuliwa kwa nani? Maji yanatoka wapi? Jioni nitaketi na nani? Anayejibiwa vizuri maswali hayo amepata makao, hata kama ukuta hauna televisheni.

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Twapenda kuikariri nusu ya kwanza ya methali hiyo na kuisahau ya pili. Wageni wataendelea kuja Kitui na Makueni, kwa treni, kwa lami na kwa hamu ya kuwatazama ndovu. Iwapo mwenyeji atapona ni jambo litakaloamuliwa na jina lililo kwenye hati ya kumiliki ile nyumba watakayolala.