Kisangani: Gari linalokunywa kidogo lipimwe barabarani, si mdomoni mwa muuzaji

Anayetoka Kapalata kwenda kutafuta gari mjini ni nadra kwenda peke yake. Huandamana na rafiki: mmoja ana pesa, mwingine anajua magari, au anasemekana kujua. Wanazunguka kwa wauzaji wawili watatu, wanafungua boneti, wanagonga matairi kwa mguu. Na swali la kwanza siku hizi si rangi wala umri wa gari. Wanauliza: linakunywa kiasi gani?

Wana haki ya kuuliza. Esansi ya Kisangani hutoka mbali. Ama hupanda mto kutoka Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700, ama huja kwa malori kutoka mashariki kwa barabara ya taifa namba 4. Mashua zikichelewa au barabara ikikatika kwa mvua, wanaopanga bei ni wauzaji wa kando ya njia, wale wanaoitwa Kadhafi. Mji ulioishi miaka mingi kwa toleka, baiskeli za kubeba abiria, unajua vizuri safari isiyotumia mafuta ina thamani gani.

Tatizo liko kwenye jibu. Muuzaji huonyesha karatasi au simu: kilomita 20 kwa lita moja. Huenda hadanganyi. Lakini namba hiyo imekuja pamoja na gari kutoka Japani, ambako vipimo vilivyoitwa 10-15, na baadaye JC08, vilifanywa gari likiwa juu ya mitambo inayozungusha magurudumu, ndani ya jengo. Hakuna tope, hakuna shimo, hakuna watu saba ndani ya gari la watano. Tena lilipimwa likiwa jipya. Linalouzwa leo lina miaka kumi na zaidi, na pampu na plagi zake zimechoka.

Hesabu ya mezani ni nyepesi, na marafiki hao wangeifanya kabla ya kuondoka nyumbani. Gari linalotembea kilomita 1,000 kwa mwezi, likitumia lita 6 kwa kila kilomita 100, linahitaji lita 60. Linalotumia lita 11 linahitaji 110. Tofauti ni lita 50 kwa mwezi, lita 600 kwa mwaka. Lita ikichukuliwa, kwa mfano tu, kuwa dola moja na nusu, hizo ni dola 900. Kwa familia nyingi za Kapalata hiyo ni karo ya watoto. Kwa hiyo gari lililo ghali kwa dola 500 linaweza kuwa rahisi kabla mwaka haujaisha, na la bei ya chini likaendelea kumla mwenyewe kila asubuhi.

Kupima nako hakuhitaji mashine. Tangi lijazwe hadi juu kwenye kituo chenye pampu, si kwa chupa. Gari liendeshwe hadi uwanja wa ndege wa Bangoka na kurudi, kama kilomita 34, kisha lijazwe tena kwenye pampu ileile. Likipokea lita 2, ni lile la 6. Likipokea karibu lita 4, ni lile la 11. Kipimo hiki kina kosa lake dogo, lakini kinatosha kutenganisha magari hayo mawili. Esansi hiyo ailipe mnunuzi, na muuzaji akae kiti cha pembeni.

Wengine husifu magari ya haibridi, yenye injini na betri. Ni kweli hupunguza esansi, hasa pale gari linaposimama na kuondoka mara kwa mara. Lakini Prius ya zamani hukaa chini sana kwa njia za mitaa ambayo mvua huinyeshea karibu mwaka mzima, na betri kubwa ikichoka, fundi wa kuitengeneza hapatikani kila kona. Gari dogo la injini ya lita moja nalo, likijazwa watu na kulazimishwa kupanda tope kwa gia ya kwanza, hunywa kama kubwa. Na usukani wa kulia, katika nchi inayoendesha upande wa kulia, unabaki hatari kila dereva anapotaka kulipita lori, hata mafuta yakiwa bure.

Kuna jambo jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Rafiki anayejua magari mara nyingine hulipwa na muuzaji. Kazi ya komisioneri si aibu, watu wengi wanaishi kwayo. Ila mwenye pesa aambiwe mapema, kabla hajaketi nyuma ya usukani, maana ushauri wa aliyeahidiwa fungu lake na muuzaji hauwi ule wa aliyekuja bure.

Idara ya uchukuzi ya jimbo la Tshopo inaweza kuwasaidia wote bila gharama kubwa: kumtaka kila muuzaji abandike kwenye kioo mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, kilomita zilizosomwa wakati gari linapita duane, na namba ya chasisi ili mnunuzi ailinganishe na hati. Karatasi moja kwa kila gari. Wauzaji waaminifu, na wapo, hawatapoteza mteja kwa hilo.