Tasnifu Isiozee Rafuni: Mtafiti wa Kiswahili na Kazi Nje ya Chuo Kikuu

Wahenga walinena kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali hii hurudiwa mara kwa mara katika madarasa ya Kiswahili, lakini ni wanafunzi wachache wa uzamili na uzamifu wanaoiona kuwa inawahusu. Wengi wao hugaagaa na upwa mmoja tu, ule wa ukumbi wa mihadhara. Mtafiti akihitimu, husubiri nafasi ya uhadhiri itangazwe. Isipotangazwa, huwa mhadhiri wa muda, akilipwa kwa idadi ya kozi anazofundisha, na aghalabu malipo yenyewe huchelewa. Miaka huyoyoma. Anayeamua kutafuta riziki kwingine huonekana ameshindwa, na wakati mwingine yeye mwenyewe huamini hivyo. Makala haya yanashikilia kuwa dhana hiyo ni potofu, na kwamba tiba yake haina budi kuanzia katika idara za Kiswahili zenyewe, kabla tasnifu haijaandikwa.

Mji wa Njoro, ulio karibu na Nakuru, unatoa kielelezo kizuri. Hapo pana taasisi mbili za utafiti zilizo jirani. Ya kwanza ni Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka wa 1987. Ya pili ni kituo cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, ambapo wataalamu huzalisha aina mpya za ngano. Kutu ya shina iitwayo Ug99, iliyotambuliwa nchini Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipotishia ngano ya ulimwengu, Njoro ikawa mahali ambapo, tangu 2005, mbegu kutoka mataifa mengi hupandwa ili zipimwe uwezo wake wa kustahimili maradhi hayo. Mtafiti wa ngano hajitangazii ushindi kwa sababu ripoti imechapishwa. Kazi yake hukamilika mkulima anapoitia mbegu hiyo shambani. Tasnifu ya Kiswahili, kinyume chake, huhesabiwa kuwa imefaulu ikishatetewa, ikajalidiwa na kuwekwa rafuni.

Wapo watakaopinga kwamba lugha si ngano, na kwamba chuo kikuu si karakana ya kufua vibarua. Hoja hii ina uzito. Utafiti kuhusu mizani ya tenzi au historia ya lahaja hauhitaji idhini ya soko ili uwe na thamani. Hata hivyo, historia ya Kiswahili yenyewe inaonyesha kuwa usomi wake haukuwahi kufungiwa ndani ya ua la chuo. Shaaban Robert aliandika akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Abdilatif Abdalla, baada ya kutoka gerezani mwaka wa 1972, alifanya utafiti katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi 1979, alipojiunga na Idhaa ya Kiswahili ya BBC mjini London. Miaka mingi baadaye alirejea chuoni, akafundisha Leipzig, Ujerumani. Marehemu Ken Walibora naye, baada ya kupata shahada ya uzamifu na kufundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, alirudi Kenya kusimamia ubora wa Kiswahili katika shirika la habari la Nation, kisha akafundisha tena. Hakuna awezaye kusema kwamba wasomi hawa walishindwa. Mlango walioutumia kutoka ndio waliorudia.

Je, mtafiti wa leo katika Bonde la Ufa atokee wapi? Ni kweli kuwa ni nadra kuona tangazo la kazi linalomtaka mtaalamu wa Kiswahili kwa jina hilo. Lakini kazi yenyewe ipo. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kupewa mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Katika eneo ambalo Mkikuyu, Mkalenjin, Mkisii, Mluo na Mluhya huishi mtaa mmoja, haki ya mtu inaweza kutegemea kitenzi kimoja kilichofasiriwa vibaya. Kifungu cha 196 nacho kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Mwananchi wa Molo au Subukia atashirikije ikiwa makadirio ya bajeti yameandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu? Tukigeukia teknolojia, mradi wa Kencorpus uliohusisha Vyuo Vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene ulikusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya kwa ajili ya kompyuta, na matokeo yake yakatolewa mwaka wa 2022. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila watu waliozoea kurekodi, kunukuu na kuainisha usemi.

Si haki, hata hivyo, kumwahidi mwanafunzi kuwa soko linamngoja kwa hamu. Nafasi ni chache, baadhi yake hulipa kidogo, na nyingine zinadai stadi za ziada kama vile uhariri wa kompyuta au ujuzi wa istilahi za sheria. Lakini kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba mtafiti hajui kujieleza. Chukua mfano wa mhitimu aliyechunguza ubadilishaji msimbo miongoni mwa wachuuzi wa soko mjini Nakuru. Katika barua ya kuomba kazi, anataja anwani ya tasnifu na nadharia aliyoitumia, kisha ananyamaza. Mwajiri hajui nadharia hiyo ni nini. Lau angeandika kwamba aliwashawishi watu asiowajua wakubali kurekodiwa, akanukuu mazungumzo yao neno kwa neno, akayapanga, akagundua ruwaza na kuandika ripoti yenye kueleweka, mwajiri angeona mtu anayefaa kazi. Stadi anazo, amekosa kufunzwa kuzitaja.

Kwa hivyo, idara za Kiswahili katika Egerton, Kabarak, Laikipia na kwingineko zinaweza kuanza na mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila tasnifu iambatane na muhtasari wa kurasa nne ulioandikiwa mtu wa nje atakayeweza kuutumia: hakimu, afisa wa kilimo, mhariri au mwalimu. Pili, mwanafunzi wa uzamili apelekwe mahakamani, katika ofisi ya kaunti au chumba cha habari kwa muda, kama afanyavyo mwanafunzi wa ualimu anapokwenda mazoezini. Tatu, idara iweke kumbukumbu za mahali wahitimu wake wanapofanya kazi. Idara isiyojua walikokwenda wanafunzi wake itawaelekeza wapi wanaofuata?

Vyama vya wanafunzi navyo vina wajibu. Makongamano yao huwaalika maprofesa, na hilo ni jema. Yafaa pia waalikwe wakalimani, watafsiri, wahariri na watangazaji waliopitia madarasa yale yale, waeleze bila kuficha walichopata na walichopoteza walipotoka. Mwanafunzi akiwasikia mapema, atachagua mada yake akiwa na macho mawili: moja likitazama taaluma, jingine likitazama jamii itakayoihitaji. Na iwapo siku moja ataondoka chuoni, ataondoka kama mtu aliyetumwa, wala si kama mtu aliyefukuzwa.